Kuna Mmoja Bado Yuko Nje

Yule mmoja aliyeko nje, ambaye watu wamekuwa wakimwombea miaka yote hii, ni mimi. Nilikuwa chooni.

Nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Wimbo wenyewe unaujua hata kama huna habari na muziki: umeusikia harusini, umeusikia kwa kinyozi, umeusikia ukitoka dirishani kwa jirani anayefua. Unaitwa "Vaa Twende". Ni wimbo wa kucheza. Mwanamume anamsubiri mkewe amalize kujipamba ili waende kwenye sherehe. Anamwambia kioo kimechoka kukutazama, mama, viatu vimekaa mlangoni vinatusubiri, vaa twende. Hauna zaidi ya hapo. Mwimbaji wetu, tuliyemwita Sauti, aliutunga akiwa amekaa kitandani anamsubiri mkewe amalize kujipamba ili waende kwenye sherehe. Walichelewa, kwa taarifa yako, na wakarudi wamenuniana.

Halafu katikati, magitaa yakiwa peke yake, Sauti anaacha kuimba. Anasema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka: "Usifunge mlango. Kuna mmoja bado yuko nje." Kisha magitaa yanaendelea, hakuna kinanda, hakuna neno, kipande kirefu kimetulia kabisa.

Hapo ndipo watu wanapolia.

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Kuta zilifunikwa kwa magodoro ya zamani ili sauti zisitoke, na kulikuwa na mlango mmoja tu, unaofungukia koridoni. Fundi mitambo wetu alikuwa na tabia yake. Mazoezi alikuwa akiyarekodi kimyakimya bila kumwambia mtu, kwa sababu aliamini kwamba mwanamuziki akijua anarekodiwa anakakamaa kama anapigwa picha ya kitambulisho. Kwa hiyo sisi tulijua tunafanya jaribio la mwisho. Mimi, mpiga kinanda, nikaona hapo ndipo pa kwenda kujisaidia, maana chai ya mchana ilikuwa imenielemea na mwanzo wa wimbo haunihitaji. Nikatoka, nikaacha mlango wazi. Malori yakawa yanapita barabarani yananguruma. Fundi akainuka akaufunge, na Sauti, bila kuachia gitaa, akamwambia maneno yale. Alikuwa anamwambia fundi mitambo, na alikuwa ananizungumzia mimi. Baadaye walipoisikiliza ile tepu wakasema hapa hapana cha kugusa, na kweli hawakugusa kitu.

Wimbo ulipotoka, barua zilianza kumiminika redioni. Mtu mmoja aliandika kwamba alikuwa mlevi wa kutupwa na usiku alioyasikia yale maneno alijua mlango ni wa mbinguni na mmoja ni yeye. Hakugusa chupa tena. Mama mmoja alisema alikuwa anataka kuachana na mumewe, akausikia, akabaki. Mama mwingine alisema alikuwa anavumilia mumewe, akausikia, akagundua kwamba yule wa nje ni yeye mwenyewe, akafunga virago. Mhubiri mmoja mashuhuri akaufanya somo la mwezi mzima: kioo ni dhamiri, viatu ni safari, vazi ni vazi la haki, na mke anayechelewa ni sisi sote. Nilikuwepo siku ya vazi. Watu walipiga magoti. Mgombea mmoja wa uchaguzi aliutumia kwenye kampeni, akashinda, na toka hapo mlango wake yeye hujawahi kuuona uko wazi.

Kilichoniudhi hasa ni kile kipande kilichotulia. Kinanda changu kilitakiwa kuwa pale. Nilikipangia sauti nzuri sana, nikakifanyia mazoezi nyumbani hadi majirani wakalalamika. Sasa watu wananishika mkono sokoni, macho yamejaa machozi, wananiambia: "Mzee, pale uliponyamaza makusudi, pale ndipo Roho hupita." Mwanzoni nilikuwa najibu ukweli. Nilikuwa nasema, ndugu yangu, pale nilikuwa chooni. Wanacheka, wananipigapiga bega, wanaambiana, umeona unyenyekevu wa mtu mkubwa? Nikaacha kujibu. Kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya ni ile ambayo sikuwepo, na jina langu liko kwenye jalada.

Sauti naye, Mungu amrehemu, hakunisaidia. Mwaka wa kwanza alikuwa anacheka pamoja nami. Baadaye akaanza kusema kwamba hajui maneno yale yalimjiaje. Baadaye tena akasema aliota. Mwisho alikuwa anaalikwa kwenye madhabahu, anasimulia ile ndoto ina mpaka rangi za nguo, nami nimekaa nyuma yake kwenye kinanda, natazama kucha zangu. Nilimuuliza mara moja tulipokuwa tunapakia vyombo, "Sauti, wewe si ulikuwa unamwambia fundi?" Akanitazama kwa huruma kama mimi ndiye niliyepotea. "Mdogo wangu," akasema, "mdomo ulikuwa wangu." Walimzika kwa heshima zote na maneno yale yako kwenye jiwe la kaburi lake.

Fundi mitambo alihamia mbali, tukapoteana. Nimebaki mimi, napiga harusini, na harusi zikiadimika natengeneza feni.

Yote hayo ningeyavumilia. Watu wana haki ya kulia wanapotaka. Lakini wimbo ule uliingia nyumbani kwa dada yangu, na hapo mambo yakaacha kuchekesha.

Dada ananipita umri, ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Alifiwa na mume mapema na akabaki na mtoto mmoja wa kiume, mpwa wangu, kijana mrefu mwenye maneno mengi ambaye nilimfundisha kinanda hadi wote wawili tukakubaliana kwamba hana kipaji. Alimpeleka chuo kwa sindano na uzi. Kijana akaacha chuo kimyakimya. Kila asubuhi alikuwa anaaga, anabeba begi, anakwenda kushinda kwa kinyozi mmoja anajifunza kunyoa. Dada alipogundua, walirushiana maneno ambayo majirani wanayakumbuka mpaka leo, na kijana akaondoka. Simu yake haipatikani. Mara chache tunasikia kwamba kuna mtu amemwona katika mji fulani, mara mji mwingine.

Tangu hapo dada hafungi mlango. Sisemi hatii komeo, nasema haufungi. Ameuwekea kipande cha tofali, uko wazi kiasi cha kupitisha mkono, mchana na usiku, mvua na jua. Ukimuuliza anakwambia, "Nimeambiwa nisiufunge." Ameambiwa na nani? Na wimbo. Ameambiwa, ukipenda kulisema neno kama lilivyo, kuhusu mimi na chai yangu.

Kisha wiki moja akaibiwa. Mwizi aliingia dada akiwa amelala, akabeba mtungi wa gesi, pasi ya umeme na jora zima la kitambaa cha sare. Tena alikuwa mwizi mstaarabu: alipotoka alilisogeza tofali na kuurudishia mlango vizuri. Asubuhi dada hakulia gesi wala pasi. Alilia kwamba mlango umeamka umefungwa.

Kaka yetu mkubwa, tunayemwita Mwenyekiti kwa sababu hawezi kula hata chakula bila kufungua kikao, akanipigia simu.

"Leo gesi, kesho shingo yake," akasema. "Nimemsema, shemeji yako amemsema, mhubiri amemsema."

"Mhubiri alisemaje?"

"Alimwambia mlango ni wa moyoni. Dada yako akamwambia, moyo hauna bawaba." Akashusha pumzi. "Wewe ndiye uliyekuwepo. Nenda kamwambie ukweli. Ule upuuzi wako wa choo, mwambie kwa uzito, aelewe kwamba hakuna ujumbe wowote. Akishaelewa ataufunga."

Sikutaka kwenda. Nani anataka kwenda kumnyang'anya dada yake kitu kinachomfanya aamke? Lakini nilimwona akilini amelala peke yake na mlango uko wazi, na mtu wa pili atakayeingia huenda asiwe mstaarabu. Nikaenda mchana, baada ya kula.

Nilimkuta mezani kwake, miwani imeshuka puani, anapinda ukingo wa sketi. Marinda yamepangwa kwenye kochi, vipande vya uzi vimezagaa sakafuni, na upepo unaopita kwenye ule mlango unavisogeza huku na huko. Sehemu ya pasi ilikuwa tupu. Sare zilizokwisha alikuwa amezilaza chini ya godoro ili zinyooke, akaniambia, akacheka mwenyewe.

"Mwenyekiti amekutuma," akasema kabla sijakaa.

"Nimekuja kukusalimia."

"Marahaba. Umeshanisalimia. Sema."

Nikasema. Nilianza kwa kuzunguka, nikataja usalama, nikataja umri, yeye akawa anakanyaga cherehani tu. Ikabidi nijikaze. Nikamwambia, "Dada, yule mmoja ni mimi."

"Hiyo stori yako ya choo naijua. Umeisimulia kwenye kila harusi."

"Mlikuwa mnacheka. Sikuwa natania."

"Wewe unatania hata msibani."

"Haki ya mama," nikasema.

Cherehani ikanyamaza. Kwetu mtu haapi kwa mama bure, na mimi sikuwahi kuapa mbele yake. Akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, akaivaa tena. Nikamweleza yote: magodoro, malori, fundi na tabia yake, chai. Nikamwambia kwamba Sauti hakuota kitu, alikuwa anamwambia mtu wa mitambo aache mlango kwa sababu mpiga kinanda ametoka. Nikamwambia hakuna aliyekuwa anamzungumzia mwanawe. Nilijisikia mchafu, lakini niliyasema yote mpaka mwisho, maana nilijua nikikatisha njiani sitarudia tena.

Hakukasirika. Alikuwa ananisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayeeleza nguo inabana wapi.

"Mimi siku ile nilikuwa nimeshika ufunguo," akasema. "Hujui hilo. Ni siku ya pili tangu aondoke. Nilikuwa nimesema, sasa nafunga, na kitasa nabadilisha, asinijue, nami nisimjue. Redio ilikuwa inaimba huko jikoni wala siisikilizi. Mara mtu akasema, usifunge mlango. Hivi hivi, kama mtu aliyesimama nyuma yangu." Akanyoosha mkono, akaonyesha mahali. "Unataka niamini nini? Kwamba nilisikia habari zako za chooni?"

"Ndiyo, dada."

"Haya." Akainuka, akakiwasha kile kiredio chake kidogo cha kadi, ambacho mwizi hakukiona cha maana. Wimbo ukaanza. Tukausikiliza, yeye amesimama, mimi kwenye kochi nimeyasogeza marinda. Sauti akaimba kioo kimechoka kukutazama, mama. Akaimba viatu. Magitaa yakabaki peke yake na marehemu akasema maneno yake, na ingawa nimeyasikia hadi nimechoka, nywele zilinisimama. Kisha ikaja sauti ndogo, tap, kavu, na kile kipande kilichotulia kikaendelea.

Dada akakizima.

"Na hiyo ngoma hapo? Hiyo tap. Mimi huwa naipenda sana. Nasikia kama mtu ameweka mguu ndani."

Hapa ningeweza kunyamaza. Katika miaka yote sijamsikia mtu hata mmoja akiuliza habari ya ile sauti. Wengi hawaisikii, na wanaoisikia wanadhani ni mpiga ngoma. Lakini nilikuwa nimekuja na ukweli na nilikuwa nimeapa.

"Si ngoma," nikamwambia. "Ni mlango."

"Unafunguliwa?"

"Unafungwa."

Akakaa. "Hakumsikiliza?"

"Malori, dada. Yangeharibu kila kitu. Fundi alikuwa anafanya kazi yake."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Koridoni. Nilikuwa narudi. Mikono inachuruzika maji, taulo halikuwepo. Nilikuwa nimefika karibu kabisa."

"Kwa hiyo ulimsikia akisema usifunge."

"Nilimsikia."

"Na ukauona ukifungwa."

"Niliuona."

"Walitia ufunguo?"

"Hapana. Ulirudishiwa tu."

Alinitazama. Dada yangu ana macho ya kupimia watu mabega na kiuno, ukisimama mbele yake unajisikia umevuliwa koti. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, si mhubiri, si mtangazaji, si Sauti mwenyewe.

"Sasa kwa nini hukugonga?"

Nilitaka kutoa mzaha. Nina mzaha wa kila kitu, na huo ndio umenilisha kuliko kinanda. Hapo haukuja. Nilijiona tena pale koridoni, kijana mwembamba, nimekaa juu ya debe la rangi, maji yanakauka mikononi, na nyuma ya ule mlango wenzangu wanapiga.

"Walikuwa wanapiga vizuri," nikasema. "Vizuri kuliko nilivyowahi kuwasikia nikiwemo. Nikasema nikiingia nitawaharibia."

"Lakini alisema kuna mmoja yuko nje. Alikukumbuka."

"Alinikumbuka, halafu mlango ukafungwa. Ukishafungwa unasahau kilichosemwa kabla. Unadhani umefungwa kwa sababu yako."

"Ungegonga wangekufungulia?"

"Wangenifungulia. Wangenitukana kidogo, wangenifungulia."

"Basi kilikuwa kiburi."

"Hapana, dada. Aibu. Nilikaa nje mpaka wimbo ukaisha, ndipo nikaingia nikijifanya nimetoka chooni sasa hivi. Mpaka leo wanadhani tumbo lilikuwa limenichafuka."

Sikuwa nimewahi kulisema hilo kwa mtu yeyote, wala sikujua kwamba bado linaniuma. Liliniuma pale kwenye kochi, mtu mzima na mvi zangu, nikaona aibu ileile upya.

Dada alichukua ile sketi, akaiweka chini bila kuishona.

"Alirudi," akasema.

"Nani?"

"Mwanangu. Jioni ileile aliyoondoka. Mnadhani aliondoka akapotelea moja kwa moja, nimewaacha mdhani hivyo. Alirudi wakati wa chakula. Nilikuwa nimefunga kwa ufunguo. Nilikuwa nimesimama hapo ulipokaa, sahani yake nimeshaipakua nimeifunika. Nikaona kitasa kinazunguka." Alikizungusha hewani kwa vidole viwili. "Polepole. Kikazunguka, kikarudi. Nikasema moyoni, agonge. Agonge tu mara moja, nifungue, nimseme sana, ale. Hata ufunguo nilikuwa nimeushika. Nikasubiri agonge."

Nje mtu alipita na mkokoteni, tukamsikia mpaka akaishia.

"Hakugonga," akasema dada. "Nimejiuliza toka siku hiyo alikuwa anafikiri nini pale. Nikasema ana kiburi cha baba yake. Nikasema ananichukia. Kwa mhubiri nilikwenda, akanifundisha kusubiri. Sikuhitaji kufundishwa kusubiri. Nilitaka mtu wa kuniambia alikuwa anafikiri nini. Wewe umewahi kuwa nje. Niambie."

Nikamuuliza, "Redio ilikuwa inaimba?"

"Haizimwi humu, unajua."

"Taa?"

"Zilikuwa zinawaka. Na nilikuwa nimepika, harufu ilikuwa imejaa mpaka barabarani."

"Basi alisikia nyumba iko sawasawa bila yeye," nikasema, na mara tu lilipotoka nilitamani kulirudisha. "Hakukuchukia, dada. Alidhani akigonga atakuja kuharibu."

Nilidhani nimemmaliza. Dada alifunika uso kwa ile sketi ya mtoto wa watu na kulia, kilio cha mtu mzima ambacho huna pa kukishika. Nilisimama karibu yake mkono juu ya bega lake, najilaani mimi, namlaani Mwenyekiti, na fundi mitambo popote alipo. Nilimwonea huruma mpaka nikatamani ile ndoto ya Sauti ingekuwa kweli, nguo na rangi zake zote.

Alipomaliza alipenga kamasi, akaitazama ile sketi, akasema itabidi aifue. Sura yake ilikuwa imelegea. Niliwahi kumwona hivyo zamani, kabla ya mambo yote haya, akiwa amemaliza oda kubwa.

"Kumbe aibu," akasema. "Aibu naiweza."

"Sasa umeelewa kwamba wimbo haukuwa na ujumbe?"

"Nimeelewa." Akavaa miwani. "Huyo Sauti alikuwa anamwambia fundi, na fundi akafunga, na wewe ukakaa juu ya debe kama yatima wakati mlango ungeusukuma kwa kidole. Hivyo ndivyo ilivyokuwa?"

"Hivyo hivyo."

"Asante, mdogo wangu. Mimi nilikuwa nauacha wazi kwa sababu nimeambiwa. Kuna siku nilianza kuchoka, hata juzi walipoiba nilisema labda nimesikia vibaya, labda niufunge tu. Sasa siufungi tena mpaka nife. Asije akalazimika kugonga."

Akaipangusa sindano, akapitisha uzi mpya, cherehani ikaanza kulia. Nilikuwa na hoja za usalama, nilikuwa na ukweli wote wa dunia, na kila kimoja nilichokitoa alikuwa amekichukua na kukishonea pale palipokuwa pamechanika. Mhubiri wa mwezi mzima hakuweza kumpa sababu kama niliyompa mimi kwa dakika chache za kusema ukweli.

Nikatoka kibarazani nikampigia Mwenyekiti. Alipokea kabla simu haijaita vizuri.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Zaidi ya yote."

"Safi sana. Kwa hiyo anafunga?"

"Hapana."

Akaanza kufoka. Alisema mimi si wa kutumwa, alisema angekuja mwenyewe na fundi wa milango, aweke geti la chuma na kufuli la nje, tuone huo wimbo utapitia wapi. Nilimwacha aishiwe pumzi. Kisha nikamweleza habari ya kitasa, jinsi kilivyozunguka polepole na kurudi, na sahani iliyofunikwa. Nilimweleza kwa maneno machache.

"Una yale magodoro mawili ya wageni?" nikamuuliza. "Nahamishia moja huku. Nitalala hapa sebuleni, nyuma ya mlango. Akiingia mwizi atanikanyaga mimi kwanza."

"Na akiingia yeye?"

"Naye atanikanyaga. Nitamwambia apite, chakula kiko mezani."

Mwenyekiti akakohoa. Nilimsikia akimwambia mkewe kitu, mkewe akimjibu, mlango wa kabati ukifunguliwa.

"Nilete moja," akauliza, "au niyalete yote mawili?"